Nyuzi za ukulele ya baritoni: anza na D

Ukulele ya baritoni ina nyuzi nne, na tatu kati ya hizo hazina ugomvi na mtu. Kila uzi huitwa kwa herufi ya noti yake. E, B na hata G zitalia vizuri kwa karibu seti yoyote iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ugomvi wote uko kwa D. Uzi huo mnene, ulio karibu na kidevu chako unapopiga, ndio unaoamua kama chombo kitanguruma au kitakoroma, kama vidole vitateleza au vitakwaruza, na kama baada ya miezi mitatu utarudi dukani. Ndiyo maana nawashauri wanaoniuliza "ninunue kampuni gani?" waache kwanza hilo swali. Amua D yako iwe ya namna gani. Nyingine zitafuata.

Kwanza ujue umeshika nini

Ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne, ina ndugu kadhaa. Zile ndogo, yaani soprano, konseti na tenori, kwa kawaida hutuniwa (nyuzi hukazwa hadi zifike noti zake) G C E A, na mara nyingi ile G huwa ya juu, haiko chini ya C kama mtu wa gitaa anavyotarajia. Baritoni ni mdogo wao kwa umri ingawa ni mkubwa wao kwa umbo. Ilianza kuuzwa Marekani kuelekea mwaka 1950, Vega na Favilla zikiwa miongoni mwa watengenezaji wake wa mwanzo, na mtangazaji Arthur Godfrey akaitia umaarufu kwa kuipiga redioni na kwenye televisheni. Yenyewe hutuniwa D G B E: nyuzi nne nyembamba za gitaa, kwa sauti zile zile. Mpiga gitaa akiishika anakuta kodi zake zote (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zipo, zimepungukiwa na besi mbili tu.

Sasa ukienda dukani kuomba "nyuzi za ukulele" utapewa za G C E A, kwa sababu ndizo zinazotoka sana. Usizifunge. Ile G ya juu haiwezi kushushwa hadi D nene. Ni zaidi ya oktavu moja (umbali kutoka noti hadi noti ya jina lile lile iliyo juu au chini yake), na uzi utabaki unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Soma pakiti. Kama haijaandikwa baritoni na herufi D G B E, iache.

Hatua ya 1: Pima urefu wa uzi

Chukua rula au futi ya fundi cherehani. Weka sifuri pale uzi unapoachana na kile kijiti cheupe chenye mifereji minne kilichopo shingoni, chini kidogo ya kichwa. Pima hadi kwenye freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokata shingo), kisha zidisha kwa mbili. Hesabu hiyo ni sahihi kuliko kupima moja kwa moja hadi kwenye daraja (kipande kilichogundishwa juu ya ubao, nyuzi zinapofungwa), kwa sababu mfupa wa daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi, mara nyingi husogezwa kidogo ili kurekebisha sauti. Baritoni nyingi huangukia kati ya sentimita 48 na 51. Yangu ni 24.5 hadi freti ya 12, kwa hiyo ni 49.

Kwa nini uhangaike? Kwa sababu mkazo wa uzi hufuata mraba wa urefu. Gitaa la klasiki lina urefu wa sentimita 65. Uzi ule ule, kwa sauti ile ile, ukihamishwa kwenye baritoni ya sentimita 49 unabaki na asilimia 57 tu ya mkazo wake. Uzi uliovuta kilo 7 kwenye gitaa sasa unavuta kilo 4. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye nyuzi za kuazima.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini D ni mkorofi

Sauti ya uzi hutokana na mambo matatu: urefu, uzito na mkazo. Urefu umeshaupima na huwezi kuubadili. Mkazo nao una mipaka, maana ukizidi daraja linabanduka, na ukipungua uzi unapigapiga freti. Kinachobaki ni uzito, na hapo ndipo mambo yanapoanza kubana.

Tuseme unataka kila uzi uvute kilo 5.5 hivi, mkazo wa kati kwa baritoni. Kwa urefu wa sentimita 49, uzi wa florokaboni (plastiki nzito, tutaifikia Hatua ya 4) kwa ajili ya E utahitaji kipenyo cha milimita 0.61. B itahitaji 0.81. G ni 1.02. D inafika 1.37. Ukitumia nailoni, ambayo ni nyepesi zaidi, E inakuwa 0.77 na D inapaa hadi 1.74. Uzi wa nailoni wa milimita 1.74 si uzi tena. Haupindi vizuri, haulii kwa uwazi, na ukiukandamiza kwenye freti sauti inapanda juu ya ile inayotakiwa.

Watengenezaji wana njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuchukua kiini cha nyuzinyuzi laini za nailoni na kukizungushia waya mwembamba wa shaba, mara nyingi uliopakwa fedha. Uzito unapatikana bila unene. Njia ya pili ni kubaki na uzi mtupu, usiozungushiwa waya, lakini wa kitu kizito, na kukubali mkazo mdogo kidogo ili kipenyo kisizidi sana. Seti karibu zote utakazokutana nazo ni tawi la moja ya njia hizi mbili.

Hatua ya 3: Chagua D ya waya au D tupu

D ya waya ina mlio mkali wa mwanzo, unaong'aa, na unadumu muda mrefu baada ya kupiga. Ukiimba huku unajipigia, inakupa besi ya kutosha kiasi kwamba watu hawakumbuki kuwa hakuna nyuzi mbili za chini. Hasara zake ni tatu. Vidole vikiteleza juu yake hutoa mkwaruzo, na ukirekodi kwa simu ndio utakaosikika kuliko wimbo. Waya huchakaa pale unapogusana na freti, hasa freti ya 2 na ya 3, kisha unaanza kufumuka. Na shaba haipendani na jasho wala chumvi. Mkazi wa Mombasa, Zanzibar au Tanga anayeacha ukulele ukutani karibu na dirisha atauona uzi umekuwa mweusi mapema mno.

D tupu ni laini, haikwaruzi, na sauti yake inafanana na ya ndugu zake watatu. Ukipanda kutoka D hadi E husikii mpaka wa kuvuka. Lakini ni butu zaidi, inachelewa kuitikia, na kwenye ukulele ya bei ndogo yenye ubao mzito wa plaiwudi inaweza kulia "dub" na kunyamaza.

Hukumu yangu baada ya kujaribu zote kwenye vyombo viwili: kama ukulele yako ni ya plaiwudi, funga D ya waya. Ubao wa aina hiyo unahitaji kusukumwa. Kama sehemu ya juu ni mbao halisi na nyembamba, jaribu D tupu angalau mara moja maishani. Kuna pia seti zenye waya kwa D na G zote mbili, na kwa kweli ndizo nyingi madukani. Mimi napendelea waya kwa D peke yake na G tupu, kwa sababu G ndiyo uzi ninaoutelezea sana.

Mtindo wako nao una neno. Wapigaji gitaa wa Katanga, Kongo, wa miaka ya 1950, Mwenda Jean Bosco akiwa mashuhuri kati yao, walitumia kidole gumba kwa besi na cha shahada kwa nyimbo. Ukipiga hivyo kwenye baritoni, gumba halina pa kwenda ila D na G, na linazipiga bila kupumzika. Hapo D ya waya inajilipa yenyewe. Anayekwangua kodi tu kwa mkono mzima hataona tofauti kubwa hivyo.

Hatua ya 4: Chagua kitu cha nyuzi nyingine

Kwa B na E, na kwa G ukiamua iwe tupu, utakuta majina mengi lakini vitu vyenyewe ni vichache.

Nailoni ndiyo ya zamani kati ya hizi. Ni nene, laini kwa kidole, yenye sauti ya joto. Hunyonya unyevu, kwa hiyo masika ikianza utatuni kila ukiishika. Anayeanza, ambaye vidole bado vinauma, atafurahi nayo.

Florokaboni, ambayo kwenye pakiti huitwa "kaboni" tu, ni nzito kuliko nailoni kwa zaidi ya nusu: gramu 1.78 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 1.1 hivi. Kwa mkazo ule ule inakuwa nyembamba zaidi, inalia kwa ukali na uwazi, haijali unyevu, na inatulia mapema. Kwa Pwani ningeichagua hii bila kufikiri mara mbili. Ni kitu kile kile kinachotengenezewa mshipi wa kuvulia wa bei ya juu. Waliokua wakitengeneza gitaa la galoni kwa mshipi wa mjomba hawatashangaa, na wapo wapiga ukulele hadi leo wanaonunua roli la florokaboni kwenye duka la vifaa vya uvuvi na kukata wenyewe. Ukitaka kujaribu, soma kipenyo, usiongozwe na uzito wa samaki ulioandikwa kwa herufi kubwa, na hakikisha ni florokaboni kweli. Mshipi wa kawaida ni nailoni.

Nylgut ni ya kampuni ya Aquila ya Italia, imekokotolewa iwe na uzito sawa na utumbo wa mnyama uliotumika zamani, karibu gramu 1.3. Iko katikati ya hizo mbili kwa sauti. Ni nyeupe, na inakwaruza kidogo kwenye kidole.

Nyuzi za chuma za gitaa usizifunge. Seti ya kawaida inayoanzia inchi 0.012, nyuzi zake nne za D G B E zikifungwa kwenye sentimita 49, zinavuta karibu kilo 28 kwa pamoja, wakati baritoni hutarajia kilo 16 hadi 24. Na hata ukipata nyembamba zaidi, zitaila mifereji ya kile kijiti cha shingoni ambacho mara nyingi ni cha plastiki.

Hatua ya 5: Usibadili sauti bila kubadili nyuzi

Wengi wanaotoka ukulele ndogo wanataka baritoni yao iwe G C E A ili kodi zibaki na majina waliyozoea. Inawezekana, lakini kwa seti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukichukua seti ya D G B E na kuikaza tu hadi G C E A, mkazo unaongezeka kwa asilimia 78. Kilo 22 zinakuwa 39. Najua, kwa sababu nilifanya hivyo. Nilifika C salama, nikajipongeza, nikaenda kulala, na asubuhi daraja lilikuwa limenyanyuka kwa nyuma kiasi cha kupitisha kadi ya simu. Fundi alilirudisha kwa gundi na vibanio, lakini alama ipo.

Njia nyingine ya kumaliza ugomvi wa D, na ni ya heshima kabisa, ni kuiondoa. Weka D ya juu, oktavu moja zaidi, uzi mwembamba wa florokaboni wa milimita 0.68 hivi. Baritoni inapata ule mchezo wa ukulele ndogo ambapo uzi wa juu na wa chini vinakaribiana kwa sauti. Unapoteza besi, ila ukipiga pamoja na gitaa hautagombana nalo.

Hatua ya 6: Kama seti ya baritoni haipatikani

Mara nyingi haipatikani. Duka la vyombo vya muziki katika miji yetu mingi lina nyuzi za gitaa la klasiki, na huenda lisiwe na za baritoni hata moja. Habari njema ni kwamba D, G, B na E za klasiki ni sauti zile zile. Habari mbaya ni ile asilimia 57.

Kwa seti ya klasiki ya mkazo wa kawaida, E na D zitabaki na kilo 4 hivi kila moja, zinapigika bila shida. B na G ndizo zitakazoshuka hadi karibu kilo 3, na G ya nailoni ambayo hata kwenye gitaa lenyewe ni butu itakuwa kama ngoma iliyolowa. Fanya hivi: nunua seti iliyoandikwa mkazo wa juu kabisa, si wa kawaida. Kama duka lina nyuzi tatu nyembamba za kaboni za klasiki, chukua hizo kwa G, B na E, kisha D ya waya kutoka seti yoyote ngumu. Mchanganyiko huo nimeupiga mwaka mzima na sikuona haya mbele ya mtu. Nyuzi mbili za besi zinazobaki mpe rafiki mwenye gitaa.

Hatua ya 7: Kufunga

Weka kipande cha kadibodi au kitambaa kinene nyuma ya daraja kabla ya kuanza. Uzi wa kaboni ukichomoka huchapa ubao na kuacha kovu. Badilisha uzi mmoja mmoja ili mfupa wa daraja usianguke na kupotea.

Pitisha uzi kwenye tundu la daraja kutoka upande wa mdomo wa sauti, uurudishe juu, uuzungushe nyuma ya wenyewe, kisha uuchomeke chini ya kitanzi chake. D ya waya inatosha kuchomekwa mara moja au mbili. B na E zinateleza, kwa hiyo chomeka mara tatu. Mchomeko wa mwisho lazima uangukie nyuma ya ukingo wa daraja, upande wa chini. Ukibaki juu, uzi utajifungua ukiwa unakaribia sauti yake, kwa kelele ya kukutoa roho.

Upande wa kichwa, D ya waya izunguke kigingi mara mbili au tatu. Usiikate kabla ya kuikaza. Ikunje kwanza ipate kona kali, ndipo ukate mbele ya kona, vinginevyo waya unaweza kufumuka.

Kisha tuni, vuta uzi taratibu kwa vidole mbali na ubao, tuni tena. Nailoni itakusumbua siku kadhaa, pengine wiki. Kaboni hutulia mapema zaidi. Usiihukumu seti yoyote siku ya kwanza.

Hatua ya 8: Ikague ilivyokaa

Washa programu ya kutuni kwenye simu. Piga D ikiwa wazi, kisha ikandamize kwenye freti ya 12. Jibu linatakiwa liwe D tena, oktavu moja juu. Ikipanda zaidi kwenye uzi huo tu, uzi ni mnene mno au umetoka kiwandani ukiwa na unene usio sawa. Zikipanda zote nne, tatizo ni kimo cha nyuzi juu ya shingo, na kununua seti nyingine hakutasaidia kitu.

Halafu ukandamize kwenye freti ya 1. Ikipanda hapo, chungulia kile kijiti cha shingoni. D tupu iliyoingia mahali pa D ya waya mara nyingi haizami kwenye mfereji wake, inakaa juu kama mtu aliyekalia kiti cha mtoto. Mfereji unapanuliwa kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, na kama huna tupa ya kazi hiyo mpelekee fundi wa magitaa. Fahamu tu kwamba ukishaupanua, siku ukirudi kwenye waya uzi mwembamba unaweza kucheza ndani na kulia kama nzi aliyenaswa. Ndiyo maana nasema jaribu D tupu kwanza ikiwa imekaa vibaya hivyo hivyo, usikilize sauti kwenye freti za juu, na uamue kabla ya kushika tupa.

Mwisho, uzi wa kuweka akiba. D ya waya hufa kabla ya nyingine zote, iwe kwenye baritoni au kwenye gitaa la klasiki, kwa kuwa waya wake ni mwembamba kuliko wa besi nyingine. Utajua imefika siku ukipitisha kucha chini yake na kuhisi vijishimo pale freti zilipouma, au utakaposikia haitulii kwenye sauti hata ukaituni vipi. Maduka kadhaa huuza D ya klasiki moja moja. Nunua mbili, ziweke kwenye mfuko wa ukulele, na uipanguse ile iliyofungwa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.